Picha imetoka nyeusi? Laumu taa, si sura!

MWAKA juzi tulimzika babu yangu mzaa mama. Watu walishakaa mikekani, masufuria yako motoni, ndipo mjomba akauliza: "Jamani, picha ya mzee ya kutangulia mbele ya jeneza iko wapi?"

Mpenzi msomaji, tulipekua makabati, masanduku na albamu zote za mama wadogo. Hatukuona picha ya maana hata moja. Mwisho ikapatikana ya harusi ya mwaka 1987, babu kasimama ubavuni mwa bibi harusi aliyevaa shela jeupe. Tukamkata bibi harusi, tukamkuza babu, tukamtia kwenye fremu.

Kilichotoka ni kofia, meno na ukosi wa shati. Sura hakuna! Watoto waliokuja msibani wakawa wanauliza, "Huyu ni nani?" Asikwambie mtu, iliniuma.

Nikaapa kwamba hilo halitampata bi mkubwa wangu. Nitampiga picha mwenyewe, hapa hapa nyumbani, na sura itaonekana. Kamera ni simu yangu. Studio ni sebule yetu ya Magomeni, yenye kochi moja, meza na dirisha la nondo.

Jumapili ya kwanza karudi kanisani, kapendeza na kitambaa chake cheupe kichwani. Nikamkalisha katikati ya sebule, chini ya globu ya dari. Lo! Macho yakawa mashimo mawili, na kivuli cha pua kikashuka hadi mdomoni. Nikawasha flashi ya simu, mambo yakazidi kuharibika. Paji la uso liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na ukutani nyuma yake kikasimama kivuli utadhani jambazi anamnyemelea.

Mama akaitazama, akaguna. "Ndivyo tulivyo, mwanangu. Sisi weusi picha hazitupendi."

Kauli hiyo ilinipeleka mbio kwa fundi mmoja wa picha mtaani kwetu, mtu wa makamo aliyeanza kazi enzi za filamu. Nikamwamkia, nikamweleza kisa chote. Akacheka. "Kijana, hakuna sura isiyopigika. Kuna mpigaji asiyejua taa."

Halafu akanipa siri ambayo nilikuja kuisoma mwenyewe baadaye. Kwa miaka mingi, maabara za kusafishia picha zilipanga rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Kampuni ya Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali, mweusi akiwemo, miaka ya 1990. Kwa hiyo siku ya ile harusi, babu wa watu aliingia uwanjani akiwa ameshafungwa bao moja.

Bao la pili lilikuwa lile shela. Kamera ikiona nguo nyeupe kubwa inadhani pana mwanga mwingi mno, basi inapunguza mwanga wa picha nzima. Shela linapona, uso unazama gizani. Kumbe na kitambaa cha mama kilikuwa kinanifanyia mchezo huo huo! Dawa yake kwenye simu ni rahisi: gusa uso wa mtu kwenye kioo ili kamera ipime pale, kisha panda au shuka na ile alama ya jua mpaka sura ikae sawa.

Somo likaendelea. Kwanza, taa iwe moja, nyingine zote zizimwe. Ukichanganya globu ya njano na mwanga mweupe wa dirishani, uso unatoka rangi mbili. Soma boksi la globu: iliyoandikwa 3000K ni ya njano, ya 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu. Chagua moja, achana na nyingine.

Pili, taa isiwe juu ya utosi wala isimkabili mtu usoni. Iweke mshazari, kati ya usawa wa pua na usawa wa bega, juu kidogo ya macho. Ukipatia, shavu la upande wa giza litapata pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Wapiga picha wanauita mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1669. Angalia na macho: lazima uone nukta ya mwanga ndani yake. Bila nukta hiyo, mtu anaonekana kama amelala macho wazi.

Tatu, globu tupu ni kitu kidogo, na kitu kidogo kinatoa kivuli kikali. Tundika shuka jeupe mbele yake, na shuka lote litageuka kuwa taa. Tumia globu ya LED, maana zile za zamani zinachoma, utaunguza shuka na nyumba. Ngozi nyeusi haitaki kuchomwa na mwanga mkali. Inataka mwanga mpana uteleze shavuni, hapo utaona inavyometa.

Nne, umbali. Ukiitoa globu mita 1 ukaipeleka mita 2, mwanga unaomfikia mtu haubaki nusu, unabaki robo! Nilibisha, nikajaribu, nikafyata mkia. Na mtu mwenyewe mtoe ukutani, umsogeze mbele, kivuli chake kiangukie sakafuni. Wewe nawe usimbandike simu puani, pua itakuwa kubwa. Rudi hatua mbili, kisha vuta kwa zumu.

Wiki mbili nilimfanyia mazoezi mdogo wangu kwa malipo ya soda. Upande wake wa giza nikaweka boksi lililobandikwa karatasi nyeupe, limrudishie mwanga kidogo. Mambo yakakubali.

Jumapili ya tatu nikatega kila kitu, nikamwita bi mkubwa. Akaliangalia shuka, akaniangalia mimi. "Unanipiga picha ya msiba?"

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Hapana mama, ni ya ukutani."

"Ukutani! Nakujua wewe." Akaenda zake jikoni.

Kabla sijakaa, umeme nao ukakatika. Nikajiegemeza kwenye kochi, nimechoka.

Baada ya muda mama akarudi na ungo wa mchele. Jikoni giza, basi akavuta kiti karibu na dirisha, akaanza kuchambua. Nikaangalia, nikaangalia tena. Dirisha lilikuwa mshazari. Pazia jeupe lilishafanya kazi ya shuka. Na ule mchele mapajani ulikuwa unamrudishia mwanga chini ya kidevu kuliko boksi langu.

Nikarudi hatua mbili. Nikagusa uso wake kwenye kioo. "Mama!" Akainua kichwa aniulize nataka nini. Nikabonyeza.

Aliishika ile simu muda mrefu bila kusema neno. Mikunjo ipo, alama ya shavuni ipo, nukta za mwanga ziko machoni. Weusi wake wote upo na sura yote ipo.

"Kumbe nafanana na baba," akasema.

Nikashindwa kujibu. Sura ambayo fremu ya msibani ilituonyesha giza tupu, ilikuwa imekaa dirishani inachambua mchele.

"Haya, kaisafishe uitundike," akanirudishia simu. "Ya msiba mtatafuta nyingine."

Ndugu msomaji, usingoje mjomba akuulize picha iko wapi. Dirisha unalo na mzee wako bado yupo. Mkalishe Jumapili hii.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.