Mwalimu kama Mkuu wa Chuo: Mfasiri na Wanafunzi Wake

Mhakiki wa Kiswahili akitajiwa Nyerere hukimbilia sehemu mbili: Azimio la Arusha, au tafsiri za Shakespeare. Makala haya yanakusudia kumtazama katika cheo ambacho hatukihakiki sana, ingawa ndicho kilichomgusa mwanafunzi wa Mlimani moja kwa moja, yaani Mkuu wa Chuo. Mwalimu aliishi Msasani. Sisi tunaokaa huku tunapita maeneo hayo tukigombea daladala za kwenda darasani, na pengine ndiyo sababu swali hili linanisumbua: mtu aliyehangaika kumtafutia Brutus maneno ya Kiswahili, alizungumzaje na wasomi wake mwenyewe?

Kwanza historia, kwa ufupi. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwendeshaji wa kila siku alikuwa Cranford Pratt, Mkanada, na kuanzia 1965 Dk. Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Nyerere akawa Mkuu wake. Muungano huo ulipovunjwa 1970, akaendelea kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi miaka ya 1980. Kumbuka pia kwamba 1963 ndio mwaka ilipotoka tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, ile ya Julius Caezar. Joho na tafsiri vilikuja pamoja.

Sasa tuje kwenye istiari yake maarufu. Mwaka 1964 alimfananisha kijana anayesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye amepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, ni msaliti. Jamani, ni istiari nzuri! Ina njaa, ina safari, ina deni. Lakini tuihakiki kama tunavyohakiki riwaya. Mhusika huyu ana miguu ya kwenda na mikono ya kubeba. Kinywa chake kina kazi moja tu, kula. Hakuna mahali anapouliza kwa nini atumwe njia hii na si ile, wala ni nani aliyekipima chakula. Amesawiriwa kama mjumbe, na mjumbe huyu hana mazungumzo.

Tarehe 22 Oktoba 1966 mhusika alifungua kinywa. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka watumikie miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yalidai afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tusijidanganye, wenzangu wa bumu: madai yale yalikuwa ya tumbo, na mkulima aliyekuwa analipia yote hayo hakuwa na bango. Ila swali la uhusika linabaki. Siku ile alivaa kofia ipi? Aliyewafukuza alikuwa Rais, na Mkuu wa Chuo ambaye wangemkatia rufaa alikuwa yeye yuleyule.

Linganisha na Marekani ya wakati huo. Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California tangu 1958, alitoa mihadhara Harvard mwaka huohuo wa 1963 akikilinganisha chuo kikuu cha kisasa na jiji lenye kila aina ya watu, si kijiji. Mwaka uliofuata wanafunzi wa Berkeley walimgeukia wakidai uhuru wa kusema. Januari 1967, wiki chache baada ya Ronald Reagan kuwa gavana, bodi ilimwondoa Kerr, na mojawapo ya lawama ilikuwa kwamba aliwalegezea wanafunzi. Katika miezi mitatu tu, huku Mkuu anafukuza wanafunzi, kule Mkuu anafukuzwa kwa ajili yao.

Mwaka 1971 Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi, aliondolewa chuoni kwa nguvu baada ya barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Halafu ikaja Machi 1978, ambayo kwangu ndiyo kejeli kuu ya hadithi hii. Safari hii wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Yaani somo la 1966 walikuwa wamelielewa vizuri sana! Wakafukuzwa kwa mamia.

Hata hivyo, haifai kumchora kama Kaizari wa kuigiza tu. Mfasiri huyu alikuwa mtu wa kujisahihisha. Mwaka 1969 aliirudia tafsiri yake, akairekebisha, hata jina likawa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Wengi wa waliofukuzwa 1966 nao walirudishwa mwaka uliofuata. Penye lugha ya kufundishia ndipo sioni sahihisho. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili 1985 na vyuo vikuu vifikie hapo 1992. Serikali yake haikukubali, na Mwalimu mwenyewe akakiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Aliyethibitisha kwamba Kiswahili kinambeba Shakespeare hakukipa nafasi ya kubeba somo la fizikia.

Ndiyo maana hapa Mlimani, mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kujadili Juliasi Kaizari kwa Kiswahili kipindi cha tatu, kisha kipindi cha nne akavuka kwenda ukumbi mwingine kusikiliza mhadhara kuhusu falsafa ya elimu ya Nyerere, kwa Kiingereza.