Joto Lina Milango Yake: Namna ya Kupunguza Joto Ndani ya Gari la Zamani

Magari ya zamani yanayovutwa na magurudumu yote manne yangali yanafanya kazi kubwa katika nchi yetu. Ziko Land Rover za mtindo ule ulioanza mwaka 1948 ukaendelea mpaka 1985. Ziko Land Cruiser za namba 40, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1960, na ndugu zao wa namba 70 walioanza mwaka 1984. Magari hayo huchukua wagonjwa, wanafunzi, magunia ya mahindi na hata bibi arusi. Hupita penye matope na mawe ambapo magari mengine hurudi nyuma.

Lakini kila mtu aliyesafiri ndani yake katika Katanga mwezi wa Oktoba, mvua ikiwa imekawia, anajua taabu yake. Sakafu inachoma miguu ya shoferi. Watoto wanalia. Mgonjwa analowa jasho kabla ya kufika kwa mganga. Wengi husema: "Gari limezeeka, tuvumilie tu." Wengine hufikiri kwamba dawa ni moja, nayo ni kununua mtambo wa kupoza hewa, wenye bei kubwa.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Joto halizaliwi katika chumba cha abiria. Latoka nje na kuingia, na kila kinachoingia kina mlango wake. Mwenye gari akiijua milango hiyo, ataweza kuifunga mmoja mmoja, tena mara nyingi kwa fedha kidogo.

Joto husafiri kwa njia tatu

Njia ya kwanza ni kupita katika kitu chenyewe. Tia kijiko cha chuma katika chai ya moto: baada ya muda mfupi mpini nao unachoma. Hivyo ndivyo joto la injini linavyopita katika bati la sakafu hata likafikia viatu vyako.

Njia ya pili ni kuchukuliwa na hewa. Hewa iliyozunguka injini yapata moto, ikiona tundu yapita, na kuingia kwa abiria.

Njia ya tatu ni kurushwa kama mwangaza. Ukiota moto usiku, uso wako unaungua huku mgongo ukiona baridi, ingawa hukuugusa moto. Jua hufanya vivyo hivyo juu ya paa, na bomba la moshi hufanya hivyo chini ya sakafu.

Kwa nini twaeleza haya? Kwa sababu kila njia ina dawa yake. Zulia nene halizibi tundu. Mpira wa kuziba tundu hauzuii jua. Mtu asiyepambanua njia hizo hutumia fedha nyingi, na joto lake linabaki palepale.

Tafuta kabla ya kununua

Siku ya joto, endesha gari muda wa nusu saa, kisha simama mahali salama. Pitisha mkono karibu na sakafu, karibu na ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, karibu na mikono ya gia, na chini ya paa. Usikamate chuma, sogeza mkono tu. Utatambua upesi mahali panapozidi.

Usiku, gari likiwa limesimama na injini imezimwa na kupoa, mtu mmoja aweke tochi yenye nguvu upande wa injini na chini ya sakafu. Wewe kaa ndani gizani, utazame. Kila panapopenya nuru, hewa ya moto nayo hupenya. Katika gari la miaka thelathini au arobaini utashangaa kuona nyota nyingi: tundu za nyaya, tundu za skrubu zilizopotea, na mipira iliyopasuka penye kanyagio.

Chunguza hasa mpira uliofunika mikono ya gia. Magari haya kwa kawaida yana mikono miwili, mmoja wa gia na mmoja wa kuunga magurudumu ya mbele. Chini yake lipo sanduku la gia, lenye mafuta ya moto. Mpira ukipasuka, mlango uko wazi kati ya miguu ya abiria. Usipopata mpira mpya, fundi mwenye bidii aweza kukata mwingine kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaubana vizuri kwa pete ya bati.

Mlango unaosahauliwa

Magari mengi yametengenezwa yafae pia nchi za baridi. Kwa hiyo ndani yake kuna kipasha-joto: maji ya moto ya injini hupita katika radieta ndogo mbele ya abiria. Baadhi ya Land Cruiser zina cha pili, chini ya kiti cha nyuma. Robine ya maji hayo ikichakaa, haifungi tena. Shoferi huona kishikio kimefungwa, kumbe maji yenye joto la digrii 80 au 90 yanazunguka ndani mchana kutwa!

Gusa kisanduku cha kipasha-joto baada ya safari. Kikiwa na moto ingawa kimefungwa, adui umempata. Badilisha robine, injini ikiwa imepoa kabisa. Lakini usikitupe kipasha-joto chote. Asubuhi za mwezi wa Juni katika Katanga, na katika milima ya Kivu, utakihitaji kuondoa ukungu katika kioo. Tena, injini ikianza kupata moto kupita kiasi mlimani, kukifungua kwaweza kuisaidia mpaka upate mahali pa kusimama.

Ziba kwanza, funika baadaye

Baada ya kuziba tundu zote, ndipo ufikirie kufunika. Chini ya sakafu, bomba la moshi karibu na injini laweza kupita digrii 300. Dawa yake ni ngao ya bati la aluminiamu, lililofungwa kati ya bomba na sakafu lisiguse lolote kati ya hayo mawili. Nafasi ya hewa ndiyo inayofanya kazi: bati linalong'aa hurudisha joto, na hewa inayopita hulichukua. Ukilibandika juu ya sakafu bila nafasi, joto litapita ndani yake kama katika kile kijiko cha chai.

Ndani, tandika kitu kisichonywa maji. Sponji ya kawaida na magunia hushika unyevu, na sakafu ya chuma chini yake huoza kimyakimya. Lami ya kuezekea nyumba nayo haifai, maana ikipata moto hulainika na kutoa harufu mbaya. Tena usiweke kamwe nguo, nyasi au kitambaa chenye mafuta karibu na bomba la moshi. Wako waliotafuta ubaridi wakapata moto wa kweli.

Moshi hufuata njia ya joto

Sasa, baba na mama, someni sehemu hii kwa makini. Tundu linaloingiza joto laweza kuingiza moshi wa injini pia. Katika moshi huo, hasa wa magari ya esansi, mna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema tunayovuta. Magari ya mazutu hutoa kidogo zaidi, lakini moshi wao nao una madhara mengine.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Je, abiria wangapi wamesema, "Ni joto la safari tu"? Wakiumwa kichwa watu wote pamoja garini, kisha wakipata nafuu wanaposhuka, msilaumu jua. Simamisheni gari, watoeni watu nje, mkapeleke gari kwa fundi atazame bomba la moshi na viungo vyake kabla ya safari nyingine.

Tena iko desturi moja ya hatari. Watu wakiona joto, hufungua mlango au kioo cha nyuma wakati gari linakwenda. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake hugeuka na kuvutwa ndani, pamoja na moshi. Funga nyuma, fungua vioo vya ubavuni, na vile vifuniko vya hewa ambavyo Land Rover nyingi za zamani zinavyo chini ya kioo cha mbele. Hewa safi iingie mbele.

Paa na jua

Waliotengeneza Land Rover walijua jua la nchi zetu. Baadhi yake walizipa paa mbili: bati la pili juu ya la kwanza, na nafasi ya hewa katikati. Bati la juu hupokea jua, upepo hupita kati, bati la chini hubaki katika kivuli. Werevu huo waweza kuuiga hata leo, kwa kufunga bati jepesi la aluminiamu juu ya kichukuzi cha mizigo. Liwe jepesi na lifungwe sana, maana uzito juu ya paa hupindua gari katika kona. Rangi nyeupe nayo husaidia, kwa kuwa hurudisha jua kuliko rangi nyeusi. Tena kivuli cha mwembe hakiuzwi.

Juu ya hayo yote, mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kununua mkate. Katika dakika 10 tu joto la ndani laweza kupanda digrii 10 hivi, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto hupata moto upesi kuliko wa mtu mzima. Wengi wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali, na wazazi wao walikuwa watu wenye upendo.

Kazi ya Jumamosi moja

Basi, anza na yasiyo na gharama: tochi, mkono wako na macho yako. Kisha mipira na tundu. Kisha robine. Kisha bomba la moshi na ngao yake. Mwisho, sakafu na paa. Vijana wa shule ya ufundi waweza kuifanya kazi hiyo pamoja na mwalimu wao, na watajifunza humo mengi juu ya joto.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika gari la zamani ufa ni mdogo, lakini anayekaa karibu nao ni mtoto wako, au mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Huyo ana haki ya kufika akiwa na nguvu.