KUTUMWA SI KUSAFIRI
Mazungumzo ya redio juu ya ujumbe wa kanisa na amani yetu

 

Leo tunazungumza juu ya Kanisa la Muungano la Methodisti, ambalo wengi kwetu wanaliita Metodisti, na namna linavyotayarisha ujumbe wake wa kwenda Konferensi Kuu. Pengine mtu atauliza: jambo la kanisa moja linaingiaje katika kipindi cha amani? Linaingia kwa sababu ugomvi mwingi kwetu huanza na maneno haya: "Nani alimtuma huyu atusemee?" Mjumbe hauawi, wazee wamesema. Lakini mjumbe asiyejulikana na waliomtuma huua mapatano.

Konferensi Kuu ni nini? Ni baraza la juu la kanisa hilo duniani, nalo hukaa kwa kawaida kila miaka 4. Ndilo peke yake lenye haki ya kusema kwa jina la kanisa lote, nalo hubadili Kitabu cha Nidhamu. Maaskofu huongoza vikao, lakini hawapigi kura. Wanaopiga kura ni wajumbe, nusu wachungaji na nusu walei, yaani waumini wasio wachungaji. Kikao cha mwaka 2020 kiliahirishwa kwa sababu ya Covid, kikafanyika mjini Charlotte, Marekani, tarehe 23 Aprili hadi 3 Mei 2024. Viti vilikuwa 862, na karibu thuluthi moja vilikuwa vya Afrika. Kikao cha kawaida kinachofuata kimepangwa kuwa mwaka 2028, mjini Minneapolis.

Wajumbe wanatoka wapi? Wanachaguliwa na Konferensi ya Mwaka. Kwa upande wetu ni Konferensi ya Mwaka ya Kivu. Wachungaji huchagua wachungaji wenzao, walei huchagua walei wenzao. Kila Konferensi ya Mwaka ina haki ya angalau mchungaji 1 na mlei 1. Zaidi ya hapo, viti huhesabiwa kufuata idadi ya wachungaji na ya waumini walioandikwa.

Hapo, ndugu mliohama, sikilizeni vizuri. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, jamaa nyingi ziliacha nyumba. Vita vilipofika Uvira Desemba 2025, maelfu walivuka kwenda Burundi. Mtu anapokimbia, jina lake linaweza kupotea katika daftari la parokia aliyoiacha, wala lisiandikwe kule alikopokelewa. Asiyekuwepo na lake halipo. Basi, ukifika mahali pageni, jitambulishe kwa mchungaji, uombe uandikwe. Nanyi mnaopokea, msiseme, "Hawa ni wapita njia." Jina katika daftari si heshima tu. Ni sauti.

Sasa uchaguzi wenyewe. Hatari ya kwanza ni kufanya kiti kuwa zawadi: "Fulani hajapanda ndege bado, tumpe." Hatari ya pili ni kuhesabu kabila: Mvira, Mfuliiru, Mbembe, Munyamulenge, kila mmoja akivuta upande wake. Ni haki kutaka kila jamaa isikilizwe. Lakini aliyechaguliwa na wote anabeba neno la wote. Kabla ya kura, muulizeni: anasoma makaratasi? Anaweza kusikiliza mtu asiye wa lugha yake? Atarudi kutueleza?

Halafu kuna matayarisho. Pasipoti ni kazi ya miezi, na viza ya Marekani huombwa Kinshasa, si hapa kando ya ziwa. Mwaka 2024 baadhi ya wajumbe wa Afrika walikosa kufika Charlotte kwa sababu ya viza. Ndiyo maana wajumbe wa akiba huchaguliwa pia, nao watayarishwe kama wale wa kwanza. Kiswahili ni moja ya lugha zinazotafsiriwa katika kikao, basi mjumbe asione haya kuomba kusoma na kusema katika lugha anayoielewa.

Tena si mjumbe tu mwenye haki. Muumini yeyote, hata mama aliye kambini, anaweza kuandikia Konferensi Kuu ombi la kubadili kanuni. Lakini liwasilishwe mapema, zaidi ya miezi 6 kabla ya kikao.

Neno la mwisho ni uvumi. Charlotte iliondoa makatazo ya zamani juu ya ndoa za watu wa jinsia moja na uchungaji wao. Ilisema pia kwamba mchungaji halazimishwi kufungisha ndoa asiyoikubali. Ilikubali vilevile mpango wa kila jimbo kurekebisha sehemu fulani za Kitabu cha Nidhamu kufuata hali ya kwao, na mwaka 2025 Konferensi za Mwaka ziliuthibitisha. Mtu anaweza kukubali au kukataa mambo hayo. Kanisa la Côte d'Ivoire lilijitoa kwa kura, Mei 2024. Lakini huko Taraba, Nigeria, Desemba 2024, ugomvi kati ya waliobaki na waliojitoa uliua watu 3, wawili wao watoto wadogo. Ndiyo sababu mjumbe akirudi, asikae kimya. Azunguke parokia, aeleze kilichoamuliwa, kilichokataliwa, na kura aliyoipiga yeye. Akinyamaza, uvumi utaeleza badala yake.

Viongozi wa mitaa na kamati za waliohama, kanuni hizi 4 ni zenu pia: orodha kamili, kura ya haki, matayarisho ya mapema, na taarifa baada ya kurudi.

Maswali ya kuzungumzia mkiwa kikundi:
1. Kwetu, nani hajaandikwa katika daftari, na kwa nini?
2. Mjumbe wetu wa mwisho alirudi kutueleza nini?