Daiodi Ndogo na Hesabu Yake

Chaja ya mkulima wa pamba inapoharibika, huenda ikapelekwa kwa fundi mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mara nyingine kosa huwa katika kifaa kisichozidi punje ya mahindi: daiodi.

Umeme wa gridi nchini Tanzania una volti 230, nao hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, ukienda mbele na kurudi nyuma. Simu na redio huhitaji umeme wa mwelekeo mmoja. Daiodi hufanya kazi ya mlango unaofunguka upande mmoja tu: mkondo hupita kwenda mbele, lakini hauwezi kurudi. Fundi anayechagua daiodi hana budi kujiuliza maswali matatu.

Kwanza, itazuia volti ngapi? Daiodi ya 1N4004 huhimili volti 400, na kwa haraka yaonekana kuzidi 230. Lakini volti 230 ni kipimo cha wastani maalumu. Kilele chake hufikia 325. Katika chaja yenye daiodi moja tu, kapasita hushikilia volti 325 upande mmoja wa daiodi, huku umeme wa gridi ukivuta volti 325 nyingine upande wa pili. Jumla ni 650, na 1N4004 haiwezi kustahimili. 1N4007, yenye uwezo wa volti 1000, hustahimili.

Pili, itapitisha mkondo kiasi gani? 1N4007 hupitisha ampea 1. Palipo na ampea 2 yafaa 1N5408, ya ampea 3. Kila daiodi inapopitisha mkondo hupoteza karibu volti 1, na nguvu hiyo hugeuka joto.

Tatu, mkondo hubadilika kwa kasi gani? Ndani ya chaja za kisasa, mkondo hukatwa na kuunganishwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Hapo 1N4007 huchelewa kufunga, hupata joto na kuungua. Hutakiwa daiodi ya kasi, kama UF4007.

Makosa haya yana gharama. Daiodi iliyovunjika aghalabu hupitisha mkondo pande zote mbili, na kapasita inayopokea umeme huo yaweza kupasuka. Kwa hiyo 1N4007 yaweza kushika nafasi ya 1N4004, bali 1N4004 isishike nafasi ya 1N4007, hata kama zafanana kwa umbo.