Uwatu kwenye kadi ya kliniki

Mgonjwa wa kisukari akitoka kliniki Temeke na vidonge vyake, hupitia duka la dawa za kisuna akachukua uwatu na habasoda. Akifika Tandika husimama kwa Mmasai aliyetandaza mizizi na magome pembeni ya barabara. Vyote huingia mfuko mmoja. Mimi ni mfamasia, na simlaumu. Anatafuta nafuu kila anakoiona, kama bibi yake alivyofanya.

Serikali yenyewe iliikubali njia hii zamani. Muhimbili kulianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao. Tiba asili ni ile tuliyorithi hapa kwetu. Tiba mbadala ni iliyotoka kwingine, kama sindano za Kichina. Kwa hiyo, ukiingia kituo chochote, Mwananyamala au Mbagala, una haki ya kuomba kuona cheti cha usajili.

Kinachonitia hofu ni ukimya. Chukua uwatu. Mbegu zake zina utelezi unaopunguza kasi ya sukari kutoka tumboni kuingia kwenye damu, ndiyo maana wengi husema umewasaidia, nami nawaamini. Lakini mgonjwa huyu pengine anameza glibenklamaidi, kidonge kinacholisukuma kongosho kutoa insulini hata kama hajala. Akiongeza uwatu mwingi, halafu foleni ya daladala ikampitisha saa ya chakula, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kumpotea, hata kuzimia. Walio karibu watadhani ni malaria, au mashetani. Utelezi huohuo unaweza pia kuchelewesha vidonge vingine kufyonzwa, kwa hiyo ni vema kuviachanisha kwa saa kadhaa.

Daktari angeweza kupunguza dozi iwapo angejua. Hajui, kwa sababu mama huyu aliwahi kuulizwa, “Unatumia dawa za kienyeji wewe?” kwa sauti ya askari, akajibu hapana. Nani angejibu vingine? Mimi huuliza hivi: “Mama, mbali na hizi, nyumbani unakunywa nini kingine?” Hapo mkoba hufunguliwa. Swali hilo ni la sekunde chache, na sioni udhuru wa kuliacha, hata foleni ikiwa ndefu.

Na mganga naye ana wajibu wake. Mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Virusi havikuondoka. Mganga anayemwambia mgonjwa atupe vidonge vyake anabeba roho ya mtu mkononi.

Mti wenyewe sina ugomvi nao. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria imetokana na pakanga, mmea wa tiba ya Kichina. Tu Youyou, aliyeongoza ugunduzi wa kiini chake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ila kikombe cha chai ya pakanga hakikuambii kina kiini kiasi gani. Dozi ikiwa pungufu, vimelea hubaki hai na huweza kuwa sugu. Kidonge kimepimwa, kikombe hakijapimwa.

Basi siku ya kliniki, beba mfuko mzima: vidonge, unga, chupa, hata gome lisilo na jina. Kwenye kadi, chini ya dawa alizoandika daktari, mwombe aongeze mstari mmoja: uwatu, kijiko kimoja, kila asubuhi.