Nanasi la Thika na Dawa Yenye Mkono

Chama kimenituma niandike jambo la kemia kwa Kiswahili, eti tuone kama litaandikika. Basi sogeeni karibu.

Nyanya yangu wa Ruiru alipougua kifua kikuu, mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha kumeza tembe. Miezi miwili ya kwanza dawa ni nne, moja ikiwa ethambutoli. Mwalimu wetu alipotuambia habari ya dawa hiyo nilitega masikio. Kumbe molekuli yake yaweza kuwa na sura mbili zilizo kama mkono wa kushoto na wa kulia! Atomu ni zile zile, lakini sura moja hupambana na viini vya kifua kikuu, na ile nyingine, wapi! Karibu haifanyi lolote. Tena vitu vya namna hii vikiundwa hivi hivi tu maabarani, hutoka nusu kwa nusu. Yabidi kutenganisha, na nusu nzima huenda ikatupwa.

Njia bora ni kutumia kichocheo ambacho chenyewe kina mkono. Knowles, Noyori na Sharpless walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kazi hiyo. Mimi lakini nilivutiwa zaidi na saiklofeni.

Chukua vipande viwili vya mviringo vya nanasi, kama vile vya mkebe wa hapa Thika. Weka kimoja juu ya kingine, kisha vichome kwa vijiti viwili, kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Havizunguki tena. Saiklofeni iliyopatikana mwaka 1949 ndivyo ilivyo: pete mbili za benzeni zilizofungwa kwa madaraja mawili, kila daraja kaboni mbili. Pete zimebanana hata zimepinda kidogo kama mitumbwi.

Sasa chomeka karafuu ukingoni mwa kipande cha juu, karibu na kijiti kimoja, uweke kioo kando. Nanasi la kiooni, uligeuze utakavyo, halilingani na lako! Nafasi za karafuu ni nane. Nne hutoa mkono mmoja, nne mwingine. Dada yangu alibisha jioni nzima mpaka akahesabu mwenyewe.

Mwaka 1997 Pye, Rossen na wenzao wa kampuni ya Merck, Marekani, walitangaza PhanePhos. Hiyo ina karafuu mbili za fosforasi, moja katika kila pete, nazo hushika atomu ya rodiamu katikati. Rodiamu ndiyo inayounganisha haidrojeni na molekuli nyingine. Kwa kuwa kiota chake kina mkono, haidrojeni huingia zaidi kwa upande mmoja. Waliijaribu katika kuunda kipande cha indinaviri, dawa ya kukabili virusi vya ukimwi. Na kichocheo hakiishi kazini. Kikimaliza molekuli moja chashika nyingine.

Nyanya alimaliza miezi yake sita, akapona. Nilipompelekea lile nanasi la vijiti nimweleze, alisikiliza mpaka mwisho, akachomoa karafuu, akaitia kwenye chai.