Tangazo la Msikitini na Binti Mpanda Farasi

Mara nyingi mimbarini wazazi hukumbushwa nasaha inayonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), kwamba watoto wafunzwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Twaitikia kwa vichwa, kisha twarudi majumbani na mambo yakabaki yalivyokuwa. Bahari i mlangoni petu, na bado wako watoto wa pwani wasiojua kuogelea. Farasi naye twamwona wa mbali zaidi, mnyama wa matajiri na wa sinema. Na likitajwa jina la binti, mlango hufungwa hata kabla haujabishwa.

Hapana budi basi kuitazama klabu moja ya vijana iliyoufungua mlango huo, na kujiuliza ni nini kilichowezekana huko ambacho kwetu twakiona muhali.

Nchini Uingereza vilabu vya watoto wapanda poni ni jambo la kale. Jumuiya yao kubwa, The Pony Club, iliasisiwa mwaka 1929. Poni ni farasi wa kimo kifupi, asiyezidi takriban sentimita 148 akipimwa mabegani, naye ndiye amfaaye mtoto kuanzia. Lakini kumfuga kuna gharama: malisho, banda, tabibu, na fundi wa kumtengeneza kwato na kumpigilia viatu. Kwa sababu hiyo mchezo huu ulikuwa zaidi wa watoto wa mashambani na wa wenye uwezo. Mtoto wa mjini, aliyelelewa ghorofani, alimjua farasi kwa picha tu.

Ebony Horse Club ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya watoto kama hao. Iko Brixton, kusini mwa London, katika eneo lenye familia nyingi za wahamiaji na za kipato kidogo. Mwaka 2011 ilipata mabanda yake yenyewe, baina ya majumba ya ghorofa na njia ya reli. Ni taasisi ya hisani, na michango ya wahisani humwezesha mtoto wa asiyenacho kupanda farasi kama mtoto wa mwenye nacho.

Mzazi asidhani kwamba kazi ya klabu ni kumpandisha mtoto na kumzungusha uwanjani. Katika mafunzo ya farasi kazi huanzia chini. Mtoto hufunzwa kumkaribia mnyama kwa upande wa bega, kwani farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa, na akishtuka hupiga teke. Hufunzwa kumpiga brashi, kuinua kwato na kutoa vijiwe vilivyokwama, kufagia banda, kuweka majani na maji safi, na kukagua mkanda wa tandiko. Ndipo apande na kushika hatamu. Farasi haogopi cheo cha baba wala hasikii maneno matamu. Hutambua mkono uliotulia na moyo uliotulia. Mtoto mwenye hasira hulazimika kuituliza, na mwenye woga hujikuta akiamrisha kiumbe kinachomzidi uzito mara nyingi.

Tangazo la klabu hii lilifika msikitini, na mama mmoja akaliona. Binti yake, Khadijah Mellah wa Peckham, alikuwa bado mdogo. Mama hakusema kwamba mambo hayo si yetu, alimpeleka. Binti akajifunza kupanda na kuwatunza farasi, naye amevaa hijabu yake chini ya kofia ngumu ya kujikinga.

Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 18, alichaguliwa kushiriki Magnolia Cup, mashindano ya hisani ya wanawake katika uwanja wa Goodwood. Farasi wa mbio ni mwingine kabisa na poni wa klabu: ni mrefu, mwepesi na mwenye pupa ya kwenda shoti. Khadijah alimpanda farasi wa namna hiyo kwa mara ya kwanza miezi michache tu kabla ya mashindano. Mazoezi yalimkuta katika msimu wa mitihani ya kumaliza shule, na Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mwezi wa Mei. Siku ya tarehe 1 Agosti alimpanda farasi aitwaye Haverland, na akawapita wote, miongoni mwao Victoria Pendleton, bingwa wa Olimpiki wa mbio za baiskeli. Baada ya hapo alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo. Ushindi huo ulizaa jambo lililo kubwa kuliko kombe: mwaka 2021 ilianzishwa Riding A Dream Academy, ya kuwafungulia njia vijana wengine wasio na uwezo.

Huenda msomaji akauliza: mbio za farasi si ndiko kwenye kamari? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni kutenganisha mambo mawili. Kamari ni haramu, iwe ya farasi au ya mpira inayowamaliza vijana wetu kupitia simu. Kushindanisha farasi kwenyewe kuna asili katika Sunna. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi waliotayarishwa kuanzia Al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka hapo hadi msikiti wa Banu Zuraiq, na Abdullahi bin Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Mwisho wa mbio ulikuwa msikitini.

Kuhusu sitara, mambo ni mepesi kuliko tunavyoyafanya. Mtandio ufungwe kwa kubana, usiwe na pini wala ncha zinazopepea, na kofia ngumu ikae sawasawa juu yake. Suruali pana kiasi na kanzu fupi iliyopasuliwa pembeni humsitiri binti bila ya kumzuia. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko. Mzazi aulize pia: Je, yuko mwalimu wa kike? Wakati wa sala unazingatiwa? Na wanyama wenyewe wanatunzwa vipi? Mahali ambapo farasi amekonda na ana vidonda, hapafai kumfunza mtoto lolote.

Kwetu pwani vilabu vya poni si vya kila mtaa, lakini mnyama wa kupandwa tunaye. Lamu imejengwa kwa mgongo wa punda, na tangu mwaka 1987 mjini humo kuna zahanati ya punda inayowatibu. Siku za Maulidi, vijana wa kiume hushindana mbio za punda na mji mzima hutoka kutazama. Elimu ile ya Brixton yaweza kuanzia hapo: mtoto, wa kiume na wa kike, afunzwe kumlisha punda, kumwosha vidonda, kumpunguzia mzigo, kumpanda bila ya kumcharaza fimbo. Rehema kwa mnyama ni somo la dini, tena hufunzwa kwa mikono zaidi kuliko kwa daftari.

Lililo kubwa ni lile tangazo. Klabu ilijua kwamba ikiwataka watoto wa Kiislamu iende msikitini, na msikiti nao haukuona aibu kulipokea. Hebu tuzitazame mbao za matangazo za misikiti yetu. Ziko ratiba za sala, darasa, michango na maziko, na yote hayo ni ya kheri. Kiko kipi kinachomwita binti wa miaka 11 aje ajifunze kuogelea, kukimbia au kumtunza mnyama, kwa sitara na chini ya uangalizi wa kina mama? Kama hakipo, basi kamati za misikiti, walimu wa madrasa na vikundi vya kina mama wana kazi ya kuanza Ijumaa hii. Binti asiyewekewa njia ya halali ya kuutia mwili wake nguvu hatakaa bure. Simu i mkononi mwake, nayo haimwombi mtu ruhusa.